Ukuta Ulio Mkabala na Mlango

Katika nyumba yetu ya Lituhi kuna ukuta mmoja unaofaa kuliko zote kwa kuweka vitabu, na ukuta huo mama mkwe wangu ameushikilia kwa ajili ya siku atakayokufa. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akadhani ninamsimulia habari za mbao na misumari tu. Mbao na misumari vitakuwepo, tena vingi kuliko nilivyotaka, lakini nyuma yake wakati wote yupo bibi mmoja mwenye afya yake, anayebanika samaki na kutania watu, ambaye anajua hasa anataka kulazwa wapi.

Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa Matiri, juu kule kwenye kahawa na baridi, na nimefundisha shule za msingi za milimani karibu maisha yangu yote ya kazi. Mume wangu ndiye wa Lituhi. Tulipostaafu tulishuka, tukajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye kiwanja cha familia, karibu na pale ilipokuwa nyumba ya zamani ya wazazi wake. Mama yake akahamia kwetu na kitanda chake, kuku wake na maoni yake.

Mimi nilihamia na vitabu. Vilikuwa kwenye maboksi ya sabuni na ya mafuta ya kula, vimefungwa kwa kamba za katani, na baadhi vilikuwa havijaona mwanga tangu nilipokuwa mwalimu mgeni. Hadithi, kamusi, atlasi, vitabu vya kilimo, vya uzazi, vya historia, vya kujifunza kushona. Katika nyumba za walimu nilizokaa havikupata mahali. Nyumba ya shule si yako, na mtu hapigi msumari kwenye ukuta ambao kesho utakuwa wa mwingine. Nikawa nasema, siku nikipata nyumba yangu. Basi nyumba nikaipata.

Nina tabia ya kueleza, na hapa naomba nieleze kidogo kwa faida ya yeyote mwenye vitabu kwenye maboksi, maana najua mko wengi na wala msione aibu. Kitabu hakihitaji makuu. Kinataka ukavu, kivuli na hewa kidogo. Kisha kinataka kukaa mahali ambapo mtu anayepita atakiona na kunyoosha mkono. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau. Kitabu kilichoko chumbani kwa mwenye nyumba kimebaki kwenye boksi tu, kwa sababu hakuna mgeni atakayeomba kuingia chumbani kwako. Nilitaka vitabu vyangu vionwe na mtu aliyekuja kuomba chumvi.

Kwetu Matiri, ukitaka kitu kikae kikavu, unakiweka kwenye ukuta unaopakana na jiko. Hakuna anayekufundisha hilo. Magunia ya kahawa iliyokwisha kukauka hukaa pale yakisubiri kupelekwa kwenye chama cha ushirika, mbegu za mahindi hukaa pale, na msimu wa ukungu hata nguo za kanisani huegeshwa pale usiku kucha. Nimekua nikiona hivyo, kwa hiyo sikufikiri mara mbili. Nilipanga mbao juu ya matofali, nikafungua maboksi, vitabu vikauegemea ukuta wa jikoni. Nikaketi nikavitazama. Nikamwita mume wangu naye aje avitazame. Alisema vimependeza. Alisema pia kwamba hapa kuna joto, nikamwambia joto ndilo ninalolitaka.

Upande wa pili wa ukuta, mama mkwe alikuwa anabanika mbasa.

Mbasa ni samaki mkubwa wa ziwa letu, mnono, na moshi wake una mafuta. Moshi wa jiko la milimani ni wa kuni na ugali, ukitoka umetoka. Huu wa ziwani ulipanda mpaka juu, pale matofali yanapoacha nafasi chini ya bati, ukashuka upande wetu na kukaa. Kurasa zikapata utando. Mende wakagundua utando. Wifi yangu alipotutembelea alifungua atlasi, akainusa, akasema hii Bahari ya Hindi yenu kumbe nayo ina mbasa. Yeye na mama yake wakacheka mpaka wakafutana machozi. Nikaanza kuwaeleza jinsi hewa ya moto inavyobeba mafuta na kuyaacha kwenye kitu cha baridi, na kabla sijafika kwenye kitu cha baridi wote wawili walikuwa wameshatoka nje.

Nilimwomba mama abanike uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "samaki alikuwa jikoni kabla ya vitabu."

Nikarudisha vitabu kwenye maboksi, kimoja kimoja, baada ya kukifuta kwa kitambaa.

Ukuta wa pili ulikuwa ule wa dirisha linalotazama ziwa. Niliuchagua kwa sababu ya hewa. Hewa kweli ilikuwepo. Upepo wa kusini, ambao hapa wanauita mwera, ukishika kasi hauji peke yake, unakuja na manyunyu, na ukitulia jua la alasiri linaingia dirishani moja kwa moja kama mtu aliyekaribishwa. Kitabu changu chekundu cha upishi kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Bado nilivumilia, mpaka siku walipokuja kungu. Nilikuwa sijawahi kuwaona. Niliona wingu kama moshi limesimama juu ya maji, majirani wakaanza kufunga madirisha, na mimi, mtu wa kahawa, nikatoka nje kulishangaa. Ni wadudu wadogo kuliko mbu, maelfu kwa maelfu, na upepo uliwaleta wote nyumbani kwetu. Waliingia katikati ya kurasa kama waliotumwa kusoma. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipofungua kitabu nilikuta wamekaushwa katikati ya sentensi.

Vitabu vikarudi kwenye maboksi.

Tukajaribu korido. Mume wangu ni mtu wa mabega, na korido yetu ilijengwa na fundi mwembamba. Alipita kiubavu siku nyingi bila kulalamika, na hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba hakulalamika. Asubuhi moja alipita na ndoo ya maji, bega likagonga ubao, na historia yote ya Afrika ikaingia kwenye ndoo. Alisimama akasema samahani. Sikujua kama ananiambia mimi au vitabu. Tukavianika kwenye turubai la mihogo, vimefunguliwa, na kuku wa mama wakatembea juu yake.

Halafu chumbani kwetu, kwa kukata tamaa tu. Huko tulipata mchwa. Nilivuta kamusi siku moja nikaiona nyepesi. Kwa nje ilikuwa nzima, jalada na uti wake. Ndani, kuanzia katikati, ilikuwa udongo.

Nilikaa kitandani na ile kamusi mapajani nikalia kama mtoto, na sioni haya kuandika hivyo. Nimefundisha watoto wa watu kwamba kila tatizo ukiligawa vipande linatatulika. Nilikuwa nimeigawa nyumba yangu yote vipande, na kila kipande kilikuwa na sababu yake ya kunikataa.

Ndipo nilipouona ukuta ulio mkabala na mlango.

Msomaji atauliza, na ana haki, kwa nini sikuuona tangu mwanzo. Ni ukuta mrefu kuliko zote sebuleni. Hauna dirisha. Uko mbali na jiko, jua haliufikii, na chini yake saruji haina ufa hata mmoja. Ukiweka kiganja asubuhi, hata siku ya mvua, unakuta pakavu. Mtu akiingia mlango wa mbele, macho yake yanatua pale kabla ya mahali pengine popote. Nadhani sikuuona kwa sababu ulikuwa mtupu kwa namna ambayo mtu anaizoea. Makochi yalikuwa pande nyingine. Kalenda ya kanisa ilitundikwa juu, basi. Mara moja moja nilikuwa naacha stuli pale, na nikirudi naikuta imehamishwa karibu na dirisha. Nilidhani mama anapenda nafasi.

Nikamwita fundi seremala wa kijijini, ambaye pia hutengeneza mitumbwi. Nikamchorea. Shelfu ya mninga, kuanzia pembe hadi pembe, kutoka sakafuni hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, miguu imeinuliwa juu kidogo ili mchwa wakija waonekane, na kina chake kisizidi rula ya shule. Aliusifu mchoro. Fundi huyu ni mtu wa kesho. Kesho zikapita nyingi, na kila moja nilimkuta ufukweni anapigilia mtumbwi wa mtu mwingine. Nilipokuwa nimeanza kufikiria kununua msumeno wangu mwenyewe, akatokea na mbao.

Alizipanga sakafuni sebuleni akaanza kupima. Mama mkwe akaja kutoka jikoni, magamba ya samaki mikononi. Fundi akamwamkia, akaitikia, akamuuliza hizo mbao ni za nini.

"Shelfu ya mwalimu, bibi."

"Unaiundia humu ndani?"

"Humu humu. Mlangoni haipiti. Ikiisha hii haitoki tena, bibi, labda nyumba ibomolewe." Alisema hivyo kwa fahari, akiugonga ubao kwa kidole.

Mama akaenda akanawa mikono. Akarudi, akakaa juu ya mbao.

Alijikunja tu pale, kitenge chake akakiweka sawa, kama mtu anayesubiri gari. Fundi alingoja. Nikamletea chai, akanywa. Akaangalia juu, akaangalia chini, akasema basi atakuja kesho, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtoka kwa sababu ya mtu mwingine.

Tulipobaki wawili nilianza kueleza. Nilieleza kwa upole, maana nilijua nina haki, na mwenye haki hana sababu ya kupaza sauti. Nilimkumbusha moshi, kungu, ndoo na mchwa. Nilichukua futi ya kamba, nikamwonyesha kina cha shelfu sakafuni, nikachora mstari kwa chaki. Mama, nikamwambia, angalia sebule inayobaki. Hapa kunabaki uwanja wa mpira.

Akaniambia sijaiona sebule hii ikiwa na watu. Nikamwambia nimeiona, Krismasi watu walijaa. Akasema hazungumzii wageni.

Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, akarudi na mkeka. Akautandika kwa kuufuatisha ukuta, juu ya mstari wangu wa chaki. Akalala chali. Akanyoosha miguu, akavuta kitenge kikafunika vifundo, akaweka mikono kifuani, akafumba macho.

"Haya. Mimi niko hapa. Na jeneza ni pana kuliko mimi," akasema. "Nionyeshe wanawake wanakaa wapi."

Ninaona aibu kidogo kusema kwamba nilimwonyesha. Ualimu hautoki mwilini. Nikasimama na futi mkononi nikaanza, mama, watakaa hapa, na hapa, na upande huu.

"Hapo ni wifi yako peke yake, si unamjua alivyo mnene? Na akina mama wa kanisani na sare zao? Utawapanga kwenye ubao wa ngapi?"

"Mama, inuka, sakafu ina baridi."

"Sijamaliza. Wabebaji wanaingia huku na huku. Wa upande wa ukutani anapita wapi? Apite ndani ya kitabu?"

Kivuli kikaanguka mlangoni. Mume wangu alikuwa amerudi shambani, jembe begani. Alimwona mama yake amelazwa chini ya ukuta, mikono kifuani, na mke wake amesimama juu yake na futi. Hakuingia wala hakurudi nyuma.

"Napimwa," mama akasema, macho bado yamefumbwa. "Mkeo anatafuta mahali pa vitabu."

Nilitaka kucheka, na nilidhani naye atacheka. Alilitua jembe nje, polepole sana, akakaa kizingitini akitugeuzia mgongo.

Mama akafumbua macho akamwangalia, kisha akajiinua akaketi kwenye mkeka. Sauti ya utani ilikuwa imemtoka. Akaniuliza kama nakumbuka msiba wa baba mkwe. Nikasema nakumbuka, nilikuwepo. Na kweli nilikuwepo, lakini nilikuwepo kama mkwe. Siku zote zile nilikuwa nyuma ya nyumba na wakwe wengine wa kike, kwenye masufuria na moshi, tunapika na kuosha vyombo. Kilichotokea sebuleni sikukiona, na hakuna aliyenisimulia.

"Tulikuwa na kabati," akasema. "La mninga, kama hili lako. Fundi aliliundia ndani, tukajivuna, hakuna mwenye kabati kama lile. Baba yenu alipoletwa kutoka hospitali wakalisukuma litoke, halikupita mlangoni. Likabaki pale, jeneza halipati kona. Wakamwinamisha. Wakamsimamisha ubavu, mwanangu, kama meza. Nikamsikia ameteleza mle ndani. Aligonga."

Akalainisha ukingo wa mkeka kwa kiganja.

"Mimi sitaki kugonga," akasema.

Mume wangu hakugeuka. Akasema tu, "Nilikuwa upande wa kichwani," na kwa miaka yote tuliyoishi pamoja hilo lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu siku ile.

Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo hasira yangu ilipoisha. Haikuisha. Nilimwonea huruma mama, nilimwonea huruma mume wangu, na niliendelea kuutaka ule ukuta. Mambo haya hukaa pamoja kifuani bila kusukumana, na anayekwambia kwamba moja hulifukuza jingine bado hajahama na vitabu. Nilitafuta njia. Siku iliyofuata nilimweleza mama kwamba shelfu inaweza kuundwa vipande vipande, kila kipande kikapita mlangoni, na siku hiyo ikifika vinatolewa nje kama makochi. Alikubali kwamba ni wazo zuri. Kisha akauliza nani atakayelikumbuka. Siku hiyo, akasema, watu hawana akili. Mtu anashika sufuria hajui alilishikia nini, na wewe mwenyewe, mwalimu, utakuwa nyuma unapika, sasa ni nani sebuleni atakayejua kipande kipi kinaanza kutoka? Nilikuwa na jibu. Nilikuwa hata na mchoro. Nilimwangalia nikauweka mfukoni.

Siku kadhaa mbao zilikaa sebuleni, na kila aliyeingia aliziruka. Mama alibanika, mimi nilifagia, mume wangu alienda shambani mapema kuliko kawaida yake.

Mama ndiye aliyeanza, akiwa anakwaruza samaki, bila kuinua kichwa. "Weka kwangu," akasema.

Chumba chake mlango wake unafungukia sebuleni. Mume wangu alikijenga kwa uangalifu kuliko vingine vyote. Chini ya sakafu alimwaga dawa ya mchwa ambayo kwenye chumba chetu alisema haina haja. Ni kikavu, hakitazami ziwa, hakipakani na jiko. Kina kitanda, sanduku la bati na ukuta mmoja mzima usio na kitu. Nilikuwa sijawahi hata kukifikiria, maana ni chumba cha mama.

Nilimweleza kanuni yangu. Mama, kitabu kilichoko chumbani kwa mtu hakisomwi. Hakuna atakayeingia.

"Wanaingia kila siku kunisalimia. Hujawaona?"

"Wanakusalimia, hawaji kusoma."

"Watanisalimia, kisha watasoma. Ama ni dhambi?"

Fundi alipoitwa alinuna, kwa sababu kipimo kilibadilika na ilibidi azikate zile mbao ndefu alizokuwa anajivunia. Mama alimsimamia akiwa ameketi kitini, mlangoni. Shelfu ilipokamilika, fupi, nene, imekazwa kwa skurubu, alimwambia atoke nayo nje. Fundi akadhani hajasikia vizuri. Atoke nayo. Akamwita mume wangu wakashika huku na huku, wakapita mlango wa chumba, wakakata kona ya sebule, wakapita mlango wa mbele mpaka uani. Kuku wakakimbia.

"Rudini nayo," mama akasema.

Wakarudi nayo. Haikugusa fremu hata kidogo. Mama akainuka kwenye kiti akaenda zake jikoni, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya fundi.

Vitabu vipo mle mpaka leo, na mimi nimebaki na kero zangu. Nilivipanga kwa somo, hadithi na hadithi, kilimo na kilimo. Niliporudi mchana nilikuta vimepangwa kwa urefu, warefu nyuma na wafupi mbele, kama kwenye picha ya shule. Nikavirudisha. Akavirudisha. Sasa nimenyamaza, na nikitaka kitabu cha magonjwa ya kahawa nalazimika kukumbuka kimo chake. Atlasi ameiweka chini ya ndoo yake ya maji kwa sababu ni pana. Miwani yake, dawa zake na sahani yenye vipande vya mbasa vinakaa kwenye ubao wa kati, mbele ya washairi. Anayetaka kuazima anapiga hodi, anaamkia shikamoo, anaketi kwenye sanduku la bati, anaulizwa habari za mama yake na za shamba na za yule shangazi aliyeanguka, na huenda akasahau alichojia. Akikumbuka anapewa. Akirudisha anaulizwa kuna nini ndani, na asipokuwa na la kusema anarudishiwa kitabu mkononi. Na mama akiwa amelala, hakuna kitabu. Nimesimama mara nyingi nje ya mlango ule na miwani yangu mkononi, mimi mwenye vitabu, nikisikiliza kama kukoroma kumekoma.

Watu wanakuja, sitasema uongo. Mama anasema wanakuja kwa sababu yake. Mimi bado naamini kwenye ukuta mkubwa wangekuja wengi zaidi, na kama wewe unayesoma una nyumba yenye ukuta wa namna hiyo, na hakuna aliyeushika, usingoje kesho ya fundi. Anza leo na mbao mbili.

Wageni wakija huwa wanaketi, wanaangalia mkabala na mlango, wanatikisa kichwa. Mwalimu, wananiambia, pale pangefaa shelfu ya vitabu. Nawaambia najua. Wengine huendelea kunieleza ni kwa nini panafaa, jua halifiki, moshi haufiki, na mimi nawasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Hasira ya kuuona ukuta ule mtupu kila asubuhi nimeizoea, na nimekwisha kugundua kwamba ni hasira ninayoiombea maisha marefu.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia sebule. Niliisogeza stuli ili nipate kufagia chini ya dirisha, nikaiacha kwa muda kwenye ule ukuta mtupu.

"Umeweka kitu pale," sauti ikasema kutoka chumbani.

"Sijaweka, mama. Nafagia."

"Stuli nimeisikia."

Nikaiondoa. Nilipokuwa napita niliweka kiganja ukutani, kwa mazoea tu. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na pale palikuwa pakavu kabisa.